Kabila Nyingi, Kanisa Moja: Habari za Rabai na Frere Town

Katika kitabu cha Matendo ya Mitume, sura ya sita, imeandikwa habari ya manung'uniko. Kanisa la Yerusalemu lilikuwa na watu wa namna mbili. Wengine walikuwa wenyeji, wasemao Kiebrania; wengine walikuwa wametoka nchi za mbali, nao walisema Kiyunani. Wote waliomba pamoja na kula pamoja. Lakini chakula kilipogawanywa kila siku, wajane wa wale wasemao Kiyunani walisahauliwa, na watu wao wakanung'unika.

Mitume hawakuwanyamazisha, wala hawakusema kwamba jambo la chakula ni dogo. Waliagiza wachaguliwe watu saba wa kuisimamia kazi hiyo. Na majina ya hao saba, tangu Stefano hata Nikolao wa Antiokia, yote ni majina ya Kiyunani. Yaani kazi ya kugawa ilitiwa mikononi mwa watu ambao yaonekana walitoka upande ule ule uliosahauliwa.

Kuwakusanya watu wa kabila nyingi chini ya paa moja si kazi ngumu sana. Mvua ikinyesha, kila mpita njia hukimbilia ukumbi ulio karibu, wala hapana aulizaye kabila ya mwenziwe. Kazi ni kuwafanya wabaki pamoja mvua ikiisha kukatika. Katika pwani ya Afrika ya Mashariki, jambo hili lilijaribiwa tangu zamani huko Rabai na Frere Town, karibu na Mombasa. Habari zake zafaa kujulikana, kwa kuwa zina mambo mema ya kufuatwa, na makosa ya kuepukwa.

1. Mwanzo wa Rabai

Rabai ni mahali pa vilima, bara ya Mombasa. Wenyeji wake ni Warabai, mojawapo ya kabila tisa ziitwazo Mijikenda. Zamani watu wengine waliwaita Wanyika, yaani watu wa nyika, na jina hilo lilikuwa na dharau ndani yake.

Mwaka wa 1844 alifika Mombasa Johann Ludwig Krapf, Mjerumani aliyetumwa na chama cha misioni cha Kiingereza kiitwacho C.M.S. Miezi michache baadaye mkewe akafa, na mtoto wake mchanga akafa pia. Mwaka wa 1846 akaja mwenziwe, Johannes Rebmann, naye ni Mjerumani, nao wawili wakahamia Rabai. Basi tangu siku ya kwanza kazi ile ilikuwa ya mchanganyiko: Wajerumani waliotumwa na Waingereza, wakifundisha Warabai, jirani na mji uliokuwa chini ya Sultani wa Unguja.

Mtu wa kwanza kubatizwa aliitwa Mringe. Alikuwa kilema, naye alibatizwa akiwa karibu kufa. Baada yake miaka mingi ilipita, na Wakristo wa Rabai walikuwa wangali wakihesabika kwa vidole.

2. Waafrika waliotoka Bombay

Siku hizo manowari za Kiingereza zilikuwa zikiyakamata majahazi ya watumwa baharini. Watoto waliokutwa ndani ya majahazi hayo ilikuwa shida kuwarudisha kwao. Wengi walitekwa wangali wadogo, hawakuijua njia, na vijiji vya wengine vilikwisha kuchomwa moto. Kwa hiyo baadhi yao walipelekwa Bombay, katika Bara Hindi, na wengine wakatiwa katika shule ya misioni ya Sharanpur, karibu na mji wa Nasik. Huko walifundishwa kusoma na kuandika, na kazi za mikono kama useremala na uhunzi.

Mwaka wa 1864 watatu wa watu hao waliletwa Rabai kumsaidia Rebmann. Majina yao yalikuwa George David, William Jones na Ishmael Semler. Walikuwa Waafrika kwa kuzaliwa, lakini walikuwa na majina ya Kizungu, wakavaa nguo za Kizungu, wakajua Kiingereza na lugha ya Kihindi. Warabai walipowatazama, waliona watu weusi kama wao, lakini walikuwa wageni kama Wazungu.

Mfano wa watu hawa ni Chengwimbe, mzaliwa wa Wayao. Alitekwa utotoni, akaokolewa baharini, akapelekwa Nasik, akaitwa Matthew Wellington. Mwaka wa 1872 alikwenda bara pamoja na vijana wenziwe wa Nasik kumtumikia David Livingstone. Livingstone alipokufa mwaka wa 1873, Chengwimbe alikuwa miongoni mwa wale walioichukua maiti yake mpaka pwani, mwendo wa miezi mingi. Alikufa Mombasa mwaka wa 1935, mzee sana. Mtu aliyezaliwa Uyaoni, akalelewa Bara Hindi, akapewa jina la Kiingereza, akazeekea Mombasa, aitwe wa kabila gani? Kanisa la Rabai na Frere Town lilijaa watu wa namna hii.

3. Kijiji cha Frere Town

Mwaka wa 1873 Sultani Barghash wa Unguja alitia sahihi mkataba wa kukomesha biashara ya watumwa baharini, na soko la watumwa la Unguja likafungwa. Mjumbe wa Waingereza aliyekuja mwaka ule kuudai mkataba huo alikuwa Sir Bartle Frere. Ndipo C.M.S. walipokusudia kuanzisha kijiji cha watu walioachwa huru. Aliyeletwa kukijenga ni William Salter Price, ambaye zamani alikuwa mkuu wa Sharanpur. Mwaka wa 1875 ikanunuliwa ardhi upande wa bara, ng'ambo ya kisiwa cha Mombasa, na mahali pale pakaitwa Frere Town.

Manowari zikaanza kuwashusha watu ufukoni. Walikuwa Wayao, Wamakua, Wanyasa, na watu wa kabila nyingine nyingi za bara. Wengine kabila zao zilikuwa zimepigana vita na kuuzana. Mtu aliyeuzwa na watu wa kabila fulani aliweza kumkuta mtu wa kabila hiyo hiyo amepewa nyumba ya pili kutoka kwake. Na walimu wao walikuwa Waingereza, pamoja na Waafrika waliotoka Bombay.

Kijiji kilikuwa na kengele kubwa. Ilipigwa kuwaonya watu hatari ikija, maana wafanya biashara ya watumwa walikichukia kijiji kile. Kengele haikuwa na lugha. Myao na Mmakua waliisikia sawasawa, wakaamka sawasawa. Lakini katika sala na shule kengele haikutosha. Yalihitajika maneno.

4. Shida ya lugha

Kila lugha ilikuwa na sababu yake ya kupendwa. Kiingereza kilipendwa na watu wa Bombay, kwa kuwa ndiyo lugha ya elimu yao. Kirabai kilikuwa lugha ya wenye nchi. Watu wa manowari walikuwa na lugha za kwao, lakini hapana hata moja iliyojulikana na wote. Kama ingalichaguliwa moja ya hizo, watu wa kabila hiyo wangalikuwa wenyeji kanisani, na wengine wote wageni.

Lugha iliyowafaa wengi ilikuwa Kiswahili. Haikuwa lugha ya mama kwa wengi waliokuwamo, walakini kila mtu aliweza kuipata kwa muda mfupi, kwa kuwa ilikuwa lugha ya pwani yote, na muundo wake wafanana na lugha nyingi za bara. Krapf alikuwa amekwisha kuandika kitabu cha sarufi yake, kilichopigwa chapa mwaka wa 1850, na kamusi yake ikatolewa mwaka wa 1882. Huko Unguja, Askofu Edward Steere alifasiri Agano Jipya, nalo likatolewa mwaka wa 1883.

Hata hapo ugomvi haukukosa. Kiswahili cha Mombasa si sawa kabisa na kile cha Unguja. Mtu wa Unguja husema macho, na njia, na kucheka. Mtu wa Mombasa husema mato, na ndia, na kuteka. Kwa muda mrefu makanisa ya Mombasa na ya Unguja yalikuwa na vitabu mbalimbali, kila upande ukishika maneno yake. Biblia nzima iliyofasiriwa kwa shauri la pande zote mbili haikutoka mpaka mwaka wa 1952. Basi hata watu wa lugha moja walihitaji muda mwingi na subira ili wakubaliane.

Watoto ndio walioishika lugha hii upesi. Baba aliweza kuwa Myao na mama Mnyasa. Watoto wao, waliozaliwa Frere Town, walicheza na kugombana na kuimba kwa Kiswahili.

5. Manung'uniko

Si haki kusema kwamba watu hawa wote walipendana daima. Yaliyotokea Yerusalemu yalitokea na huku.

Watu wa Bombay wengine waliwadharau watu wapya walioletwa na manowari, wakiwaona kuwa wajinga, wakisahau kwamba wao wenyewe walikuwa vivyo hivyo walipokuwa watoto. Warabai nao waliona wageni wanazidi kuongezeka katika nchi yao, wakilima mashamba na kupewa kazi za ualimu, hali wao wenye nchi wamewekwa nyuma. Na watu wa Bombay, ijapokuwa waliwadharau wengine, walikuwa na malalamiko yao ya haki juu ya Wazungu. Walifundisha, walifasiri maneno, walisimamia kijiji Mzungu alipokuwa mgonjwa au hayupo. Hata hivyo katika mshahara na katika cheo Mzungu aliyefika jana aliwekwa mbele ya Mwafrika aliyefanya kazi miaka mingi. Kanisani waliketi pamoja. Lakini shauri lilipofanywa, walioketi mezani walikuwa Wazungu.

Jambo moja lilifanyika lililofanana na lile la kuwachagua watu saba. Tarehe 31 Mei, mwaka wa 1885, Askofu James Hannington aliwawekea mikono William Jones na Ishmael Semler huko Frere Town, wakawa mashemasi. Ndipo watu waliookolewa utumwani walipomwona mtu aliyekuwa mtumwa kama wao amesimama mbele yao, naye ana kazi takatifu.

Mwezi wa Julai mwaka ule ule Hannington alifunga safari kwenda Uganda, na Jones akafuatana naye. Walipofika kwa Sundu, mahali paitwapo sasa Mumias, Askofu akamwacha Jones pamoja na wapagazi wengi, yeye akatangulia na watu hamsini. Hakurudi. Aliuawa katika nchi ya Busoga tarehe 29 Oktoba, 1885. Jones alingoja, na habari ilipothibitika akawaongoza watu waliobaki katika safari ndefu ya kurudi pwani. Mwanzo wa mwaka wa 1886 waliingia Rabai wakiwa na bendera ya buluu, iliyoandikwa jina la Ikabodi, mtoto yule wa Agano la Kale aliyezaliwa siku ya msiba wa taifa lake. Msiba ule haukuwa wa Wazungu peke yao, maana katika watu waliouawa pamoja na Askofu walio wengi walikuwa Waafrika, na vilio vilisikika katika nyumba za watu wengi.

6. Watoro wa Rabai

Jaribu kubwa kuliko yote lilikuja kwa sababu ya watoro.

Mtu aliyeokolewa na manowari alikuwa huru kwa sheria. Mtoro hakuwa hivyo. Mkataba wa mwaka wa 1873 ulikataza kusafirisha watumwa baharini na kuwauza sokoni, lakini haukukomesha utumwa wenyewe. Katika pwani ya Kenya utumwa ulidumu mpaka mwaka wa 1907. Basi mtumwa aliyekimbia shamba la bwana wake alikuwa bado mali ya bwana huyo, na wakuu wa misioni waliagizwa wasimpokee.

Lakini watoro walikuja. Walikuja usiku, mmoja mmoja na jamaa jamaa, wakajenga vibanda, wakalima, wakaingia darasa la kusoma. Huko Rabai, ambako Jones alikuwa msimamizi, hawakufukuzwa. Ilikuwa vigumu kwa mtu aliyewahi kuwa mtumwa kumfunga mtumwa mwenziwe na kumrudisha.

Mwaka wa 1888 matajiri wenye watumwa walikasirika sana, ikawa hofu kwamba watakuja na silaha kuishambulia misioni. Price, aliyekuwa amerudi Frere Town mwaka ule, aliagiza watu waulizwe habari zao. Ikaonekana kwamba watoro walikuwa wengi kuliko ilivyodhaniwa, na wengine wao walikuwa wamekwisha kukaa miaka mingi, wameoa, wamezaa watoto.

Hapo lilionekana wazi neno ambalo kila kanisa la watu mbalimbali huulizwa siku moja. Ilikuwa rahisi kusema, "Hawa si wetu. Tukiwatoa, sisi wengine tutapona." Watu wa manowari walikuwa na vyeti vyao, watu wa Bombay walikuwa na elimu yao, Warabai walikuwa na nchi yao, na Wazungu walikuwa na serikali yao. Watoro peke yao hawakuwa na kitu.

Mwezi wa Oktoba alifika Mombasa George Mackenzie, mkuu wa Kampuni ya Kiingereza ya Afrika ya Mashariki. Baada ya mashauri mengi, wenye watumwa wakakubali kulipwa. Fedha zikachangwa na Kampuni, na serikali ya Kiingereza, na misioni na rafiki zao. Tarehe 1 Januari, 1889, watu walikusanyika Rabai na vyeti vya uhuru vikatolewa. Waliokombolewa katika stesheni za misioni kwa mapatano hayo walikuwa 1,421. Katika kusanyiko lile mtoro alipata karatasi yake mbele ya watu wote, akarudi nyumbani bila kutazama nyuma.

7. Yaliyofuata

Mtu angedhani kwamba baada ya mambo haya kanisa la nchi lingekuwa moja tangu siku ile. Haikuwa hivyo. Walowezi wa Kizungu walipoongezeka na miji ilipokua, desturi ya kutengana ilikuja na kutia mizizi. Huko Nairobi, jiwe la msingi la kanisa la All Saints liliwekwa mwaka wa 1917, nalo kwa miaka mingi lilikuwa kanisa la Wazungu. Waafrika waliofanya kazi katika nyumba za Wazungu hao walisali mahali pengine.

Watu wengine waliitetea desturi hii kwa kusema kwamba sababu ni lugha tu. Ni kweli kwamba mtu hufaidiwa akisali kwa lugha anayoijua, na hata leo makanisa mengi ya mijini yana ibada ya Kiingereza na ibada ya Kiswahili. Lakini kuna njia nyepesi ya kupambanua. Ikiwa sababu ni lugha, basi Mwafrika ajuaye Kiingereza atakaribishwa katika ibada ya Kiingereza, na Mzungu ajuaye Kiswahili atapata kiti katika ibada ya Kiswahili. Ikiwa mlango ni mgumu kwa mtu ingawa lugha anaijua, basi sababu si lugha.

Mabadiliko yalikuja polepole. Tarehe 15 Mei, 1955, katika kanisa kuu la Namirembe, Uganda, Festo Olang' na Obadiah Kariuki waliwekwa wakfu kuwa maaskofu, nao ndio Waafrika wa kwanza wa Kenya kupata daraja hiyo katika kanisa la Anglikana. Mmoja alitoka katika Waluhya, wa pili alikuwa Mkikuyu. Mwaka wa 1970 Olang' akawa Askofu Mkuu wa kwanza wa Kenya, na kanisa lake kuu lilikuwa All Saints, Nairobi, kanisa lile lile.

Tangu siku zile za Rabai hata leo, miaka mingi imepita, na mashaka ya zamani yamebadili sura tu. Katika mashirika mengi ya mijini watu wa kabila nyingi huketi pamoja kila Jumapili. Lakini wazee wa kanisa wakichaguliwa, au shamba la kanisa likigawanywa, au kwaya ikichagua lugha ya nyimbo, manung'uniko huanza tena kama yale ya wajane wa Yerusalemu. Nayo hayaponi kwa kuambiwa watu wanyamaze. Huanza kupona mtu aliyesahauliwa akipewa bakuli na kijiko cha kugawia.

Kengele ya Frere Town ingali ipo, imetundikwa karibu na barabara kuu, ng'ambo ya kisiwa cha Mombasa. Mahali pale paitwa Kengeleni. Kila siku magari hupita, na wengi waliomo hawajui kwa nini pakaitwa hivyo. Lakini katika mitaa ya karibu wako watu ambao baba wa babu zao walishushwa pale kutoka manowari, kila mmoja na kabila yake na lugha yake, wakaisikia kengele hiyo kwa mara ya kwanza.